Watoto wa Kuazima wa Darasa la Sita

Juma lililopita niliwaacha nimesimama katikati ya mkutano wa wazazi, kidole juu, nikisema maneno ambayo hadi leo sijui nani alinituma: "Hao watoto saba mi nitawaleta."

Kwa aliyechelewa kufika, nieleze kidogo. Mimi ni Kabatesi, bibi pekee katika komite ya wazazi ya ile shule ya msingi tunayoiita Shule ya Chini, hapa Gisenyi, si mbali na barieri, kizuizi cha mpakani cha kwenda Goma, Kongo. Mwaka huo wa tisini na tisa ilishuka barua kutoka komini, serikali yetu ya wilaya. Darasa la sita lisilofika watoto arobaini litavunjwa, na watoto watahamia Shule ya Juu pamoja na madawati yao. Sisi tulikuwa na thelathini na watatu. Alhamisi Inspekta angekuja kuhesabu vichwa.

Katika hao thelathini na watatu, mmoja ni mjukuu wangu Ingabire, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Mguu wake wa kushoto ulivunjika tulipokuwa njiani tukirudi kutoka ukimbizini Masisi, ukaungwa na mtu asiyejua kuunga. Kwenda Shule ya Juu ni saa nzima ya kupanda juu ya mawe. Mtoto mzima anafika akihema. Ingabire asingefika.

Darasa likihama, kwake kusoma kumekwisha. Ndiyo maana niliinua kidole. Siwezi kusema niliinua kwa ajili ya shule.

Sasa sikilizeni nilivyofanya.

Sisi watu wa mpakani huazimana watoto kama wengine wanavyoazimana sufuria. Ukipata msiba, ndugu yako wa Goma anakutumia wawili wa kuteka maji. Yeye akizaa, unampelekea mmoja wa kumbebea mtoto. Hakuna anayeandika, hakuna anayeuliza watarudi lini. Basi nikajiambia hili nalo ni kuazimana tu, la siku moja, watoto wakae kwenye dawati wahesabiwe, jioni kila mmoja awe kwao.

Mdogo wangu Illuminée ameolewa Goma, na nyumba yake haijawahi kukosa watoto, wake na wa majirani. Nikamtumia ujumbe: saba, wakubwa wakubwa, wanaojua kukaa kimya.

Aliyepeleka ujumbe ni binamu yetu Kadiri. Huyo ni Mwislamu wetu wa ukoo, mtu wa maneno mengi, kazi yake kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma yote inabebea magunia. Alirudi akicheka. Akaniambia Illuminée ameuliza kama Rwanda imekwisha watoto.

Nguo nilizitafuta mwenyewe. Magauni ya bluu manne, kaptula za kaki tatu, kutoka kwa wazazi ambao watoto wao walikuwa wamehama. Nilizifua kwa mkono, nikazianika nyuma ya nyumba ambako jirani haoni, nikazipiga pasi ya makaa. Gauni moja lilikuwa limepotea vifungo, nikashona vitano vya rangi tofauti. Nakumbuka kimoja kilikuwa chekundu.

Majina yalikuwa kazi ya Direkta, mwalimu wetu mkuu, Jean de Dieu, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu wa darasa la sita pia, kwa sababu mwalimu wa kweli alikuwa amepelekwa Mahoko na mwingine hakuletwa. Asubuhi alifundisha la sita, mchana la tano, na katikati alikuwa direkta.

Alikuwa na kitabu cha majina. Katika kitabu hicho hakuna jina lililokatwa. Watoto waliokwenda Mudende, waliokwenda Busasamana, ambao hatukujua wamekwenda wapi, wote walikuwa bado wameandikwa kwa mwandiko wake mzuri. Baada ya miaka ile ya vita, nani angekuwa na mkono wa kukata jina la mtoto? Kila asubuhi aliwaita wote. Walipokosa kuitika aliweka nukta ndogo kwa penseli na kuendelea.

"Mukecuru, bale batakaa kwa majina ya hawa," alisema, ndivyo huku tunavyomwita bibi mzee, akinionyesha majina saba. "Lakini siku moja tu. Mi sitaki kuzoea kusikia hayo majina yanaitika."

Nilikuwa nahesabu vifungo.

Alhamisi alfajiri nilimtuma Ingabire awachukue watoto. Mtaniuliza kwa nini yeye. Kwa sababu anajua kila nyumba ya ndugu zetu kule, na njia ya barieri ni mteremko mwepesi usio na mawe. Tena Kadiri humpandisha kwenye chukudu akakaa kama malkia. Nilihesabu atakuwa amerudi kabla ya kengele.

Kengele ilikuwa haijapigwa Kadiri alipoingia uani kwangu. Chukudu tupu. Nyuma yake watoto.

Nikahesabu. Mmoja, wawili, hadi saba. Halafu wa nane, msichana mrefu mwembamba, amesimama nyuma ya wenzake kama aliyekuja kwenye arusi bila kualikwa.

Kadiri akasema Illuminée ameongeza mmoja, matabishi, kama muuza viazi anavyokuwekea kimoja juu ya rundo baada ya kupima. Ni mtoto wa jirani, jina lake Mukeshimana, anasoma vizuri.

"Ingabire yuko wapi?"

Kadiri akaanza kufuta mpini wa chukudu kwa pindo la kanzu. Mtu wa maneno mengi akikosa neno, unajua kuna jambo.

"Bamemushika kwa barieri, dada. Ule mukubwa wa zamu alisema: asubui alitoka mutoto mumoja, sasa banaingia tisa. Akasema huyu atabaki hapa mupaka bale munane barudi. Akaandika jina yake kwa kitabu."

"Wamempiga?"

"Hapana. Bamemupa benchi. Niko narudia kukaa naye."

Mnaona nilikuwa wapi. Mtoto ambaye kwa ajili yake nilifua, nikashona, nikaazima, ndiye aliyebaki nje kama rehani ya watoto niliowaazima.

Ningeweza kushuka barieri. Kwa miguu yangu ni dakika ishirini. Badala yake nilisimama uani nikapiga hesabu. Thelathini na watatu toa Ingabire, thelathini na wawili. Ongeza wanane. Arobaini kamili.

Hesabu ikatulia. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukatulia pamoja nayo. Nikajiambia saa sita wale wanane watakuwa wamerudi na yeye ataachiwa, na darasa litakuwa pale likimsubiri.

Wa nane hakuwa na nguo ya shule. Nikaingia ndani, nikatoa gauni la pili la Ingabire, nikamvalisha Mukeshimana. Lilimkaa vizuri. Hilo nalo nilifurahia.

Inspekta Rutagengwa alifika saa mbili na nusu katika pikapu nyeupe. Alikuwa amekulia Tanzania, na Kiswahili chake kilinyooka kama uzi wa fundi wa matofali. Mbele yake sote tulikuwa tunakaza midomo tusiseme "batoto".

Hakuanza na kuhesabu. Alianza na karatasi. Alisimama mbele ya darasa, sisi wa komite tukiwa mlangoni, akasoma hali ya shule za eneo lake bila kupandisha sauti. Katika mtihani wa taifa uliopita, Shule ya Juu ilipeleka sekondari za serikali watoto kumi na mmoja. Shule ya Chini wawili. Kitabu kimoja cha Kifaransa kwa watoto sita. Madirisha matatu bila vioo. Mwalimu mmoja kwa madarasa mawili.

Direkta akasema, kwa adabu, kwamba mwalimu aliombwa mara nne kwa barua.

Inspekta akajibu kwamba yeye pia huomba. Walimu wanafuata madarasa, vitabu vinafuata vichwa, na yeye anafuata amri. Penye vichwa vichache hupeleka vichache. Kisha penye vichache watoto wanashindwa, na penye kushindwa wazazi wanahamisha. Akaitazama karatasi yake, kama mtu aliyejisikia mwenyewe.

"Kwa hiyo leo nataka kuona vichwa," akasema.

Alichukua kitabu cha majina, akaanza kuita. Watoto wetu waliitika. Walioazimwa waliitika, kila mmoja kwa jina alilopewa, na kila jina la mtoto aliyepotea lilipoitikiwa nilimwona Direkta akitazama dirishani.

"Ingabire."

Kimya.

Nilikuwa sijalifikiria hili. Wale saba walipewa majina saba. Wa nane hakupewa kitu, kwa sababu wa nane hakuwa kwenye mpango. Mukeshimana alikuwa amekaa dawati la tatu, mahali pa mjukuu wangu, katika gauni la mjukuu wangu, hana jina.

"Ingabire hayupo?" Inspekta akainua kalamu.

Msichana akanitazama. Hakumtazama Direkta. Alinitazama mimi niliyemvalisha.

Nikamwitikia kwa kichwa. Hivi tu, chini mara moja. Hakuna mwingine aliyeona. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikuwa nafukuza nzi.

"Présente," akasema.

Arobaini. Inspekta aliandika namba hiyo na kuizungushia duara, na wazazi wa komite walipumua wote kwa pamoja hata mlango ukalia.

Hapo ndipo alipogeuka, akamwita mtu kutoka kwenye pikapu.

Mtu huyo alibeba kamera kubwa, ile inayotoa picha papo hapo. Nikamnong'oneza Direkta: ya nini? Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alinong'ona kwamba hakuandikiwa habari hiyo, anaapa kwa mama yake.

Inspekta akaeleza kwa upole kwamba mwaka huu kila mtoto wa darasa la sita katika eneo lake atakuwa na fishi, kadi ya mtihani yenye picha. Mwaka uliopita, akasema, kuna mahali kaka alimfanyia mdogo wake mtihani. Sasa anayefika siku ya mtihani uso wake usifanane na fishi, anarudi nyumbani.

Wasomaji wangu, nilishika mlango.

Kwa wale saba haikuwa hasara. Majina yao hayakuwa na mwenyewe wa kudai. Lakini Ingabire alikuwa na mwenyewe, ameketi kwenye benchi la barieri na mguu wake ameunyoosha mbele.

Waliitwa mmoja mmoja ukutani. Kamera ikalia, picha ikatoka nyeupe, ikapungwa hewani mpaka sura ikaja. Mtu wa kamera akaikata kwa mkasi mdogo wenye kutu. Inspekta akaibandika kwa gundi, akagonga muhuri, nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi.

Nilimsubiri Mukeshimana aanguke, akohoe, aseme amesahau jina lake. Alisimama wima. Illuminée alinitumia mtoto anayejua kutii.

Muhuri ukagongwa. Nilisikia sauti yake mpaka kwenye meno.

Na bado haikutosha. Inspekta aliandika ubaoni hesabu ya matangi mawili ya maji na bomba linalovuja, akauliza nani anaweza. Watoto wetu wakatazama chini, maana hatukuwa na kitabu chenye hesabu hiyo. Mukeshimana, aliyesoma kwa masista wa Goma, akainua mkono, akaenda, akaifanya yote mpaka mstari wa mwisho na kuupigia rula.

Inspekta alisimama muda mrefu mbele ya ubao.

"Mama Kabatesi," akasema, "nimeambiwa huyu ni mjukuu wako."

"Ndiyo, muheshimiwa."

"Kwa mtoto huyu mmoja naweza kuitetea shule hii mbele ya komini. Nitaandika jina lake kwenye ripoti."

Wazazi wakanitazama kwa furaha. Kuna aliyenigusa bega. Mtu anaweza kupongezwa na kuzikwa kwa wakati mmoja, na siku hiyo nilijua inavyokuwa.

Ilikuwa karibu saa tano nilipousikia ule mwendo. Ninaujua hata nikiwa usingizini. Hatua, kimya, mburuzo. Hatua, kimya, mburuzo.

Ingabire alitokea kwenye kona ya jengo, vumbi mpaka magotini. Baadaye nilijua kwamba zamu ilibadilika barieri, na askari mpya alipomkuta mtoto kwenye benchi bila kujua amewekwa na nani, akamwambia aende kwao. Kadiri alikuwa amekwenda kutafuta chai. Basi akatembea peke yake njia yote.

Alifika mlangoni akasimama kando yangu. Alinuka jua. Akatazama ndani.

Aliona kiti chake kimekaliwa. Aliona gauni lake. Aliona mezani fishi arobaini zimepangwa, na akamsikia Inspekta akimwambia yule msichana, "Vizuri sana, Ingabire, kaa."

Mjukuu wangu ni mwepesi. Sikuwa na haja ya kumweleza, wala sikumweleza.

Inspekta akamwona. "Na wewe binti? Wa darasa gani?"

Ingabire akageuza macho kwangu. Mimi nikatazama sakafu. Palikuwa na ufa wa saruji, ukianzia kizingitini na kwenda mpaka chini ya dawati la kwanza. Naweza kuuchora hata leo.

"Mi si wa hapa," akasema. "Naitwa Mukeshimana. Niko wa Goma. Nilikuja kusalimia nyogokuru, huyu bibi yangu."

Darasa zima lilikuwa linamjua. Watoto thelathini na wawili waliosoma naye tangu la kwanza, na hakuna aliyefungua mdomo. Direkta aliweka penseli yake chini, polepole, kana kwamba ingevunjika.

Inspekta alimtazama uso. Akautazama mguu.

"Umetembea na mguu huo kutoka Goma?"

"Polepole."

"Na shule?"

"Niko nasoma kule," akasema, na hapo sauti ikamtoka nyembamba.

Inspekta akafunga mkoba wake. Alisema ameanza kusikia kwamba katika shule za mpakani watoto wanavuka huku na huku kama maji, na siku za ukaguzi maji hayo huwa mengi. Hakusema kwa hasira. Alisema barieri wanajua nani ametoka na nani ameingia, na yeye anapita huko sasa hivi. Basi atampeleka binti huyu kwao kwa mkono wake mwenyewe, ili mguu upumzike, na njiani atauliza mawili matatu.

Halafu akanigeukia.

"Huyu ni mtoto wa ndugu zako wa Goma, Mama Kabatesi. Sivyo?"

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Hapana. Huyu ni wangu, nimemlea mimi, jina mnaloliandika ni lake.

Nikafikiri: nikisema, fishi arobaini zinachanwa. Direkta anafungwa. Darasa linapanda mlima, na yeye habakii na kitu. Nisiposema, darasa linabaki, yeye tu hayumo. Nilipima haya yote kwa muda wa kumeza mate.

"Ndiyo," nikasema. "Ni wa kule."

Ingabire hakulia. Alikwenda mpaka kwenye pikapu, akashika mguu wa kushoto kwa mikono miwili kama afanyavyo sikuzote, akauinua, akauweka kwenye ngazi ya gari, halafu akajivuta. Nyumbani ni mimi humshika kiuno anapopanda. Pale alijivuta mwenyewe, mara mbili ndipo akaweza.

Gari liliondoka. Yule Mukeshimana wa kweli alikuwa amesimama dirishani, mkono mdomoni.

Vumbi lilikuwa halijatua nilipomwona Kadiri anapanda kwa njia ya mkato, anasukuma chukudu mbio, kofia imemwangukia shingoni.

"Dada, iko wapi Ingabire?"

Nikamuuliza kuna nini.

"Ule mukubwa wa asubui amerudia kwa zamu. Anamuona benchi iko bule, mutoto hayuko, amekasirika. Amefunga barieri, hakuna mutu anapita. Iko anasimama mu njia na kitabu yake, kila mutoto musichana anamuangalia miguu." Akavuta pumzi. "Anamuita kwa jina, dada. Ingabire, ya Kabatesi, ya Shule ya Chini. Anaita kwa nguvu, barabara yote inasikia."

Tulitazama chini pamoja. Pikapu nyeupe ilikuwa imekwisha kukunja kona ya mwisho kabla ya barieri.

Nikavua viatu, nikamwambia Kadiri alaze chukudu niipande.